Kilo Mbili na Nusu

Mdogo wangu alizaliwa nyumbani, msimu wa kupalilia mtama, asubuhi ambayo tembo walikuwa wameingia kwenye shamba la jirani na kila mwenye miguu alikuwa huko akipiga debe. Hakukuwa na wa kumtuma atafute bodaboda. Mama alijifungulia kwenye mkeka, bibi akampokea mtoto, nami nilishika beseni. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mtoto hakulia. Alikohoa mara moja, kama mtu mzima aliyetaka kusema jambo akaghairi. Bibi alimlaza kwenye mkono mmoja, na mkono haukushuka.

"Ni njiti," nilisema. Neno hilo nilikuwa nimelisikia redioni.

"Ni mtu," bibi alisema. "Lete blanketi."

Nyumba yetu haikuwa na mwanamume. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume, na mume wake alipofariki alifanya kile ambacho mila ya Wakurya inamruhusu mwanamke wa hali yake: alitoa ng'ombe akaoa mke wa kumzalia watoto. Mke huyo ndiye mama yangu, na bibi humwita mkwe. Nyumba ya namna hiyo kwetu huitwa nyumba ntobhu. Mwanamume aliyemzalisha mama alikuja na kuondoka, na sisi, wasichana wawili, ni watoto wa ukoo wa marehemu ambaye hatukumwona. Chuoni wenzangu wakisikia habari hii husogeza viti, wakitegemea makubwa. Hakuna makubwa. Wanawake wawili walilima pamoja, wakagombana juu ya chumvi, wakakamua ng'ombe mmoja kwa zamu. Marehemu alibaki kwetu katika kitu kimoja tu, kinoo chake, jiwe jeusi la urefu wa kiganja, lililoliwa katikati kwa miaka ya mapanga.

Kabla ya mdogo wangu, alizaliwa mvulana, mdogo hivyo hivyo. Yeye alipelekwa hospitali, akalazwa siku tisa, akarudi amefungwa kwenye kanga. Hakuna aliyekosea. Alikuwa mdogo mno. Lakini bibi alikuwa ameketi siku zote tisa nje ya mlango wa chumba kile, na alirudi na jambo moja kichwani: mtoto akikutwa chini ya kilo mbili na nusu, anachukuliwa.

Kwa hiyo huyu wa pili hakupelekwa hospitali. Walimvaa. Sina neno jingine. Mama alimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Akichoka, bibi alifungua nguo akampokea kwenye kifua chake kikavu, akaketi karibu na moto bila kujali nani anaingia. Nilizoea kuzungumza na bibi nikitazama kichwa kidogo chini ya kidevu chake.

Siku ya sita walikwenda zahanati kuchukua kadi ya kliniki. Asubuhi hiyo nilitafuta kinoo ili ninoe mundu wa kukatia nyasi za ndama, sikukiona, nikaenda shule bila kukata nyasi. Nilipigwa kidogo jioni kwa ajili ya ndama, na jambo hilo likapita.

Mtoto aliandikwa kilo mbili na nusu. Bibi alikuwa amemwambia nesi wa wakati ule kwamba kwetu mtoto mchanga havuliwi nguo mbele ya macho ya watu, akamning'iniza yeye mwenyewe kwenye mizani, blanketi na vyote. Nesi alikuwa na foleni. Akapunguza kidogo kwa ajili ya blanketi, akaandika.

Wiki ya sita mama alimpeleka bila bibi. Mtoto akavuliwa, akapimwa, akawa na kilo mbili na gramu mia mbili. Mstari kwenye kadi ukashuka kutoka rangi ya kijani ukaingia nyekundu. Mama aligombezwa mbele ya wenzake: mtoto ameanza vizuri, umemfanya nini? Alirudi nyumbani. Kuanzia hapo alikunywa kila dawa ya mizizi inayosemekana kusafisha maziwa. Hakusema anasafisha nini.

Mdogo wangu aliishi. Alichelewa kutembea, na alipoanza hakusimama tena. Alifungulia ndama. Alimwaga maziwa, si kwa ubaya, ila kwa kuwa mkono wake ulifika kwenye kibuyu kabla ya yeye mwenyewe. Aliuma. Kusubiri zamu kulikuwa kwake kama kushika kaa la moto. Kisha katikati ya fujo alilala ghafla, popote, hata juu ya gunia la muhogo, na uso wake ukiwa umelala ulikuwa wa mtu asiyemfahamu huyo mwingine.

Nyumbani tulikuwa na namna ya kuishi naye, ingawa hatukuiita namna. Mama alimpa agizo moja, akangoja liishe, ndipo akatoa la pili. Bibi alimpa vitu vizito abebe. Dumu la maji nusu, tofali, mtungi. "Mtoto huyu ni mwepesi," alisema, "anahitaji kushikiliwa na kitu." Akibeba alitulia, akatembea kama anayebeba mayai.

Shuleni hakukuwa na wa kumbebesha. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na mwalimu, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida, hakuwa mkali bali mchovu. Mdogo wangu alitoka darasani kupitia dirishani. Alirudi kupitia dirishani. Alimuuma msichana aliyemchukulia penseli, damu ikatoka. Barua ikaja nyumbani: mtoto apelekwe zahanati akaangaliwe, na wazazi walete maelezo kabla ya muhula mpya. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita nikingoja chuo, hivyo barua niliisoma mimi. Nilipofika kwenye neno wazazi, bibi na mama walitazamana kama watu wanaoulizana nani afungue mlango.

Habari husafiri. Siku mbili baadaye baba mdogo alifika na pikipiki kutoka Nyamongo. Ni mtoto wa mdogo wa marehemu, ana duka la vipuri vya mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na katika ukoo ndiye mwanamume wa karibu zaidi na nyumba yetu. Akisema jambo, wazee humsikiliza.

"Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Umenenepa, mura. Huko mnakula mawe?"

"Tunakula vilivyo ndani ya mawe." Aliketi, akapewa maziwa mgando, akanywa yote kabla ya kusema lililomleta. "Nimesikia habari za huyu mtoto. Mama mkubwa, mtoto hana ubaya. Nyumba hii haina mwanamume wa kukohoa mtoto akatulia. Mtoto hukua vizuri penye mtu wa kukohoa."

"Mimi nakohoa kila asubuhi."

"Wewe unakohoa ugoro."

Bibi alicheka, akafuta macho. Baba mdogo naye alicheka. Halafu akasema anataka kumchukua mtoto akakae kwake. Ana mke, ana watoto wanne, kuna shule yenye uzio. Si mtu mbaya, na sikumwona hivyo hata siku ile. Alikuwa na hakika tu, kama watu wengi wasiowahi kulala nyumba moja na mtoto wanayemzungumzia.

"Hatoki," mama alisema. Kwa kawaida mama hakusema kitu mbele ya baba mdogo.

"Basi tusibishane sisi," baba mdogo alisema. "Barua imesema zahanati. Twende tumsikilize nesi. Akisema mtoto amezaliwa na hali hii, namwacha, na sitarudi tena na maneno haya. Akisema imepatikana hapa nyumbani, Jumamosi namchukua. Ni haki?"

Bibi aliwaza kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. "Ni haki," alisema.

Nesi aliyekuwapo sasa alikuwa mama wa makamo kutoka Lindi, mwenye ushungi mweupe na Kiswahili kilichonyooka kama uzi. Hakujua Kikurya, na bibi Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo nilikaa katikati kama mkalimani. Mdogo wangu alikuwa tayari amefungua droo mbili. Nesi alimpa kopo la vifuniko vya chupa avipange, akaanza kuuliza: analala vipi, anakula nini, anapigwa? Akasikiliza kila jibu hadi mwisho. Kisha akafungua kadi.

"Mtoto akizaliwa mdogo sana," alisema, "mara nyingine tunaona haya baadaye. Hatulii, anakasirika upesi, darasani anahangaika. Si wote. Na yupo mwingine anazaliwa na kilo tatu, anakuwa hivi hivi kwa sababu ya alipokulia: njaa, kupigwa, kuhamishwahamishwa. Mara nyingi vitu hivi vinachanganyika. Sasa huyu." Kidole chake kikafuata mstari. "Kilo mbili na nusu. Huyu hakuwa njiti. Lakini hapa ameporomoka. Wiki ya sita yuko chini ya alipoanzia. Mama, alikuwa ananyonya?"

"Alikuwa ananyonya," mama alisema, akitazama sakafu.

"Basi kuna kitu kilitokea kwenu. Mimi nasoma kilichoandikwa."

"Kadi haina undugu," baba mdogo alisema, taratibu, bila kushangilia.

Bibi alinigusa goti. "Amesema nini?"

"Amesema hajui," nilimwambia kwa Kikurya.

"Maneno yote hayo kwa kusema hajui," bibi alisema.

Nilimweleza njiani, baba mdogo alipokuwa ametangulia kuwasha pikipiki. Nilimweleza yote, hadi neno la mwisho. Alitembea akiwa amemshika mtoto mkono, na mtoto alikuwa akimvuta kushoto na kulia kama ndama kwenye kamba.

Siku zilizobakia kabla ya Jumamosi zilikuwa za kazi za kawaida. Mama alifua nguo za mtoto, zikakauka, akazifua tena. Alizikunja ndani ya kiroba. Nilimwambia twende kwa wazee wa ukoo, akasema wazee wataomba kadi. Alikuwa na namna ya kulitamka neno kadi kama linavyotamkwa jina la mtu aliyekushtaki. Bibi aliketi muda mwingi mlangoni, akinoa panga ambalo tayari lilikuwa kali. Nilidhani anahuzunika. Sasa najua alikuwa akipima.

Baba mdogo alifika Jumamosi umande ukiwa bado kwenye majani. Kiroba kilikuwa tayari. Mtoto, aliyeambiwa kwamba atapanda pikipiki, alikuwa ameshapanda, na alikuwa akibonyeza honi. Bibi akatoka ndani amebeba kitu kwenye blanketi la zamani, lile ambalo nililileta mimi siku ya kuzaliwa kwa mtoto.

"Kwanza tupite zahanati," alisema.

"Mama mkubwa, tulikubaliana."

"Tulikubaliana kumsikiliza nesi. Hajamaliza kusema."

Tulikwenda kwa miguu, baba mdogo akiisukuma pikipiki kwa kuwa mtoto alikataa kushuka. Nesi alikuwa akianika kanga nyuma ya nyumba yake, jirani na zahanati. Alikuja akijifuta mikono, akamwamkia bibi shikamoo. Bibi alimpita, akaenda hadi barazani ambako mizani ya watoto huning'inia kwenye boriti. Akafungua blanketi. Akatoa kinoo, akakiweka ndani ya mfuko wa kupimia, akarudi nyuma hatua moja kama anavyofanya mama anayetaka nesi asome.

Mshale ulicheza, ukatulia.

"Mwambie asome," bibi aliniambia.

"Bibi anaomba usome."

Nesi alinitazama, akamtazama baba mdogo, halafu akasoma, kwa sababu nadhani macho yake yalishazoea. "Gramu mia nane."

Bibi alizungumza kwa Kikurya, akiitazama mizani, si sisi. Mama na baba mdogo walielewa kabla sijafungua mdomo. Hata hivyo nilitafsiri, sentensi baada ya sentensi, na sauti yangu ilikuwa inasema mimi mahali ambapo bibi alisema mimi.

"Siku ya kadi, jiwe hili lilikuwa ndani ya blanketi, miguuni pa mtoto. Nililiweka mimi. Mkwe wangu hakujua. Nilijua wakimpima peke yake watamchukua, na aliyechukuliwa mwanzo hakurudi hai. Nikasema, kama ni kufa, afie kifuani pangu. Kisha akaishi, nikaona aibu kusema."

Mtoto alibonyeza honi. Hakuna aliyemkataza.

"Mbili na nusu, toa mia nane," nesi alisema polepole. "Moja na mia saba. Bibi, mtoto wa kilo moja na mia saba umemficha nyumbani? Angekufa. Unaelewa? Huyu alipaswa kuwa hospitali siku ile ile." Alikuwa amekasirika kweli, na nilitafsiri bila kulainisha kitu. Bibi aliitikia kila neno kwa kichwa, kama anayepokea mzigo na kuupanga.

Hasira ya nesi haikudumu kwa sababu macho yake yalikuwa yameshakwenda kwenye kadi. Alitoa penseli mfukoni. Chini ya rangi zote, chini hata ya nyekundu, akaweka nukta, akaiunganisha na ile ya wiki ya sita.

"Tazama hapa, mama," alimwambia mama yangu. "Hakushuka. Moja na mia saba, halafu mbili na mia mbili. Amepanda nusu kilo. Kwa maziwa yako na kifua chenu, bila mashine. Mtu aliyekugombeza alikosea, na mimi juzi nimekosea."

Mama aliishika kadi kwa mikono miwili. Mstari wa penseli ulikuwa mfupi, kama ukucha. Aliutazama, kisha akamgeukia bibi.

"Miaka saba," alisema. "Nimedhani maziwa yangu ni mabaya. Ndiyo maana sikutaka mwingine, Mama. Ulikuwa unaniomba mtoto wa kiume, ukilia, nami nakataa, nikijua nitamuua."

Hilo mimi sikulijua. Bibi naye hakulijua. Nyumba yake ilikuwa imeanzishwa ili izae mvulana, na yeye mwenyewe ndiye aliyeweka jiwe mlangoni. Haya nayasema mimi sasa. Pale barazani hakuna aliyesema kitu cha namna hiyo. Mama alikuwa ameshapita umri wa kuzaa kwa urahisi, na kila mmoja alifanya hesabu hiyo kimya.

Baba mdogo alisogea mbele. "Na nikimchukua?" alimuuliza nesi. "Sasa kwa hali hii?"

"Utaanza upya. Huyu amezaliwa na wepesi wake, na hawa wanaujua. Unamtoa kwa watu wanaojua kumtuliza unampeleka kwa wasiomjua, halafu unategemea atulie? Mwalimu nitamwandikia mimi."

Baba mdogo alisimama akikuna shingo. Kisha akakitoa kinoo kwenye mfuko wa mizani, akakigeuza upande ulioliwa, akapitisha kidole gumba. "Panga langu la kwanza nililinoa kwenye jiwe hili," alisema. "Leo marehemu amenishinda kesi." Akamshusha mtoto kwenye pikipiki, akiwa amemkumbatia kiunoni, na mtoto akamuuma begani. "Kweli huyu anabaki," baba mdogo alisema.

Kinoo kilihitaji mtu wa kukirudisha nyumbani. Mdogo wangu alikiomba, akapewa. Alikibeba kwa mikono miwili mbele ya tumbo, na njia nzima hakukimbia. Mama alitangulia mbali. Bibi alibaki nyuma. Mimi nilitembea na mtoto katikati yao, nikiwa na kiroba cha nguo kichwani.

Mama hakusema na bibi hadi mavuno ya mtama. Alimpikia, alimchotea maji ya kuoga, akamwekea ugali wake mahali pake, bila neno. Bibi hakulalamika na hakujieleza mara ya pili. Mtoto alipokea maagizo kutoka pande mbili, moja moja, kama siku zote.

Muhula ulipoanza alirudi shule na barua ya nesi. Jiwe alikwenda nalo kwenye mkoba, na mwalimu, baada ya kulitoa mara tatu na kukuta limerudi, aliliacha. Mkoba mapajani, aliweza kukaa hadi kengele ya mapumziko, siku nyingine hata kupita hapo. Sijui kama ni jiwe. Huenda ni kwa sababu mwalimu alianza kumpa kazi ya kubeba ndoo ya maji na madaftari ya darasa zima. Hadi leo, akiwa darasa la tano, huondoka kwenye dawati bila ruhusa, na mwezi uliopita amempiga mvulana aliyemtania.

Siku mtama ulipokuwa tayari kwa kuvunwa, nilikuwa nafunga begi la kwenda chuo. Mama alikuja mlangoni na visu viwili butu vya kukatia masuke. Bibi alikuwa ameketi mahali pake.

"Mama," mama alisema, "jiwe liko wapi?"

Bibi alimwita mtoto. Mtoto akalitoa kwenye mkoba, akalileta kwa mikono miwili. Mama alipiga magoti pembeni ya bibi, akamwachia kisu kimoja, akabaki na kingine, wakaanza kunoa kwa kupokezana, huyu akishika jiwe na yule akivuta kisu, huku wakibishana ni nani alisahau kununua chumvi.